Uso wa Nani, Msalaba Wapi? Mihuri ya Kale na Sarafu za Aksum

Najua umeanza na kurasa za picha ili ujitafute, hata mimi nilifanya hivyo. Sasa geuza jarida uangalie jalada la nyuma, pembeni kule chini. Pale kuna muhuri wa ushirika wetu: duara, jina letu likizunguka, na katikati njiwa juu ya Biblia iliyo wazi. Muhuri ule ulichongwa Mbarara mwaka tulipoanza, na mimi ndiye niliyetumwa kuuchukua. Nilitoka Nakivale alfajiri kwenye gari lililojaa magunia ya mahindi, nikarudi usiku na kipande cha mpira kilichogundishwa kwenye mti, kimefungwa kwa gazeti. Nimekitunza kama katibu mpaka leo. Kimepiga barua za kuhama, vyeti vya ubatizo, vyeti vya ndoa, barua za rambirambi. Kimekula chupa za wino sijui ngapi. Njiwa naye amechakaa, siku hizi anafanana zaidi na kuku.

Basi kamati ya maadhimisho ilipokaa Juru, iliona kwamba kwa kutimiza miaka 20 tuchonge muhuri mpya. Hapo hakuna aliyepinga. Maneno yalianza tulipouliza: katikati tuweke nini? Wengine walitaka sura ya Askofu wetu mwanzilishi, na msalaba mdogo juu ya kichwa chake. Wengine wakasema sura ya mwanadamu haikai katikati ya muhuri wa kanisa, wekeni msalaba peke yake. Vijana wakataka vyote viwili. Mama mmoja mzee akauliza, "Na siku akiitwa na Bwana, tutachonga tena?" Tulianza saa nane mchana, tukafunga kwa maombi giza limeingia, hakuna aliyeshinda. Mwishowe wakanigeukia: wewe mwalimu, ulifundisha historia kule Uvira, hebu tuandikie watu wa zamani walifanyaje.

Usidhani ni ugomvi wa mapambo tu. Kuna dada yetu mmoja alitoka Uvira akapita Bujumbura na Kigoma, akazunguka mpaka akatufikia huku, na barua ya kuhama kaiweka kifuani, ndani ya mfuko wa nailoni. Mvua ikaipata hivyo hivyo. Alipoifungua, maandishi yalisomeka nusu, na muhuri umekuwa doa la bluu. Tawi moja, sitalitaja, likamwambia barua isiyo na muhuri si barua. Akakaa benchi la nyuma miezi saba, meza ya Bwana ikipita mbele yake, mpaka mtu aliyemfahamu tangu kwao alipofika na kumshuhudia. Ukiwa mkimbizi unajua uzito wa jambo hili. Maisha yetu yamekaa juu ya karatasi: atestesheni ya familia, kadi ya chakula, barua ya hospitali. Muhuri ukififia, na wewe unafifia.

Sasa twende kwa watu wa zamani. Nitaanza mbali kidogo, Konstantinopoli, mji ambao leo unaitwa Istanbul, halafu nitarudi huku kwetu upande wa Afrika, ambako mimi naona habari ni tamu zaidi.

Makaisari wa Konstantinopoli, wale tunaowaita Wabizanti, walifunga barua zao kwa mihuri ya risasi. Nilipotamka neno hilo kwenye kamati, kijana mmoja alishtuka. Kwetu sisi tuliotoka Kivu, risasi ni kile kitu kilichotufanya tukimbie. Lakini risasi ni madini kwanza, kabla hayajaingia kwenye bunduki. Waliovua Ziwa Tanganyika wanaifahamu ile chubwi ya kuzamisha nyavu: nzito, ya kijivu, laini kiasi kwamba ukiibana kwa meno inabaki na alama. Ulaini huo ndio uliowapendeza makatibu wa Kaisari. Walimimina risasi kwenye kalibu, wakapata kidonge bapa chenye tundu katikati, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Barua ikikunjwa na kufungwa uzi, ncha za uzi zilipitishwa kwenye tundu lile. Kisha wakachukua koleo kubwa la chuma ambalo midomo yake miwili ilichongwa maandishi na picha, wakaweka kidonge katikati, wakabana na kugonga kwa nyundo. Tundu likajifunga na uzi ukanaswa ndani. Upande huu picha, upande ule picha. Hapakuhitajika moto wala nta. Ukitaka kuisoma barua, lazima ukate uzi au uvunje muhuri, na kila mtu ataona kwamba imefunguliwa.

Umewahi kuona kitu kama hicho, ila hukukitilia maanani. Angalia lori la mizigo likipita mpakani Mutukula au Malaba: mlango wa nyuma una sili ya forodha, na dereva anailinda kuliko anavyolinda mizigo yenyewe. Mita nyingi za umeme nazo zina kifungo kidogo kwenye waya, ole wako fundi wa mtaani akikigusa. Wabizanti nao walikuwa na maafisa wa ushuru, kwa Kigiriki wakiitwa kommerkiarioi, na katika karne ya 7 na ya 8 mihuri yao ya risasi ilibeba sura ya Kaisari aliyetawala. Yaani mali imepita chini ya macho ya mkubwa mwenyewe.

Ngozi na karatasi za barua zile karibu zote zimekwisha. Zilioza, zililiwa na panya, ziliungua. Risasi haikuoza. Leo mihuri ile ipo makumi ya maelfu kwenye makumbusho na makabati ya wasomi. Mkusanyo ulio mkubwa kuliko yote, Dumbarton Oaks kule Washington, una takriban 17,000. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka dada yetu na doa lake la bluu. Wale barua zimepotea, mihuri imebaki. Sisi kinyume.

Sasa picha zenyewe. Katika karne ya 6, muhuri wa Kaisari Justinian wa kwanza ulikuwa na sura yake upande mmoja, na upande wa pili malaika-mwanamke mwenye mabawa, ambaye kwa asili ni mungu wa kike wa ushindi wa Warumi wapagani. Kaisari alikuwa Mkristo, tena mkali, lakini yule mama wa mabawa hakuondoka haraka. Ilipofika mwishoni mwa karne hiyo, nafasi yake ilichukuliwa na Mariamu, amesimama ameshika duara lenye sura ya Kristo. Watu wa kawaida, yaani makatibu, majemadari, maaskofu, watawa, nao walikuwa na mihuri yao. Wengi waliandika ombi fupi, limefungwa katika herufi zilizopangwa kwa umbo la msalaba: Bwana, msaidie mtumishi wako fulani. Wengine walimwomba Mariamu. Sisi Wapentekoste hatuombi hivyo, lakini tusiwe wepesi kucheka. Mtu wa ofisi ambaye kila akipiga muhuri anajiita mtumishi na kuomba msaada, huyo angefaa hata kwenye baadhi ya ofisi ninazozijua.

Tuache Konstantinopoli kwa muda, turudi karne tatu nyuma tuingie Aksum. Ndugu zetu Wahabeshi na Waeritrea wa hapa Nakivale habari hizi ni za nyumbani kwao, watanisahihisha nikiteleza.

Aksum ulikuwa mji wa kifalme katika nyanda za juu za Ethiopia ya kaskazini, na bandari yake ilikuwa Adulis, pwani ya Bahari ya Shamu, nchi ambayo sasa ni Eritrea. Pembe za ndovu zilipita hapo. Mwishoni mwa karne ya 3, mfalme Endubis alianza kupiga sarafu zake mwenyewe. Hili si jambo dogo, katika Afrika kusini ya Sahara hakuna aliyemtangulia. Waaksum walipiga za dhahabu, za fedha na za shaba. Kwenye dhahabu mfalme aliwekwa pande zote mbili, katikati ya masuke mawili ya nafaka yaliyopinda kumzunguka kama mikono. Maandishi yalikuwa ya Kigiriki, maana dhahabu ilikwenda kwa wafanyabiashara wa ng'ambo. Sarafu hizi zimechimbuliwa hata Yemen na India. Na juu ya kichwa cha mfalme kulikuwa na alama ndogo: mwezi mwandamo na duara, alama ya dini ya kale ya kusini mwa Arabia na Uhabeshi.

Sasa shika sarafu za mfalme Ezana, wa karne ya 4. Ezana ana sarafu za aina mbili. Za mwanzo zina mwezi na duara kama za baba zake. Za baadaye mwezi umeondoka na mahali pake kuna msalaba. Masuke ni yale yale, kilemba ni kile kile, uso ni ule ule, ila alama ya juu imebadilika. Sarafu hizo ni miongoni mwa za kwanza duniani kubeba msalaba waziwazi namna hiyo. Constantine mwenyewe, Kaisari wa kwanza kumwamini Kristo, aliweka alama ya Kristo kwenye sarafu chache tu, tena ndogo. Ile medali yake maarufu ya fedha ya mwaka 315 inayo kwenye kofia ya chuma, usipoangalia vizuri huioni. Ezana aliuweka mahali ambapo mteja sokoni Adulis hangeweza kuukosa.

Mawe aliyoandika Ezana yanasema jambo lile lile. Katika maandishi ya mwanzo anajiita mwana wa mungu wa vita, Mahrem, ambaye kwa Kigiriki aliandikwa Ares. Katika maandishi ya baadaye anamshukuru Bwana wa Mbingu. Na kuna jiwe la Kigiriki linalotaja Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Unaweza kumwona mtu akisogea hatua kwa hatua, kama wale tuliowaona wenyewe wakiokoka na hirizi bado iko mfukoni wiki ya kwanza.

Nani alimhubiria? Hapa nataka usome polepole, hasa wewe uliyefika nchi ya ugenini ukiwa mtoto.

Mwandishi Rufinus anasimulia kwamba mwalimu mmoja kutoka Tiro, jina lake Meropius, alisafiri baharini na vijana wawili wa ukoo wake, Frumentius na Aedesius. Wakiwa njiani kurudi, meli ikatia nanga kutafuta maji. Watu wa pwani walikuwa wamegombana na Warumi, wakaivamia, wakaua kila aliyekuwemo. Wale vijana wawili walikutwa chini ya mti wakisoma masomo yao. Wakahurumiwa, wakapelekwa kwa mfalme. Aedesius akawa mnyweshaji wa mfalme. Frumentius, kwa kuwa alikuwa na akili ya hesabu na maandishi, akapewa hazina na barua. Yaani katibu! Mfalme alipofariki, malkia aliwasihi wakae wamsaidie kutawala mpaka mtoto wake akue. Katika miaka hiyo Frumentius akawatafuta wafanyabiashara Wakristo waliopita pale, akawapa mahali pa kukusanyika na kuomba. Hivyo ndivyo kanisa lilivyoanza Aksum: wageni wachache, nafasi ya kukusanyikia, na mtu mmoja serikalini aliyewafungulia mlango. Wakongwe wetu wanaokumbuka ibada za kwanza Base Camp chini ya turubai wataielewa habari hii bila kufafanuliwa.

Mtoto wa mfalme alipokua, vijana wale wakaruhusiwa kuondoka. Aedesius akarudi Tiro kwa wazazi, na Rufinus anasema alizisikia habari hizi kutoka kinywani mwake. Frumentius hakwenda nyumbani. Alikwenda Aleksandria, Misri, kumwambia askofu Athanasius kwamba kule Aksum kuna Wakristo wanaohitaji askofu. Athanasius akamwambia, basi wewe ndiye. Akamwekea mikono, akamrudisha. Wahabeshi wanamwita Abba Salama, Baba wa Amani.

Baadaye Konstantinopoli ikaingilia. Kaisari Constantius wa pili, mwana wa Constantine, hakupatana na Athanasius katika mafundisho kuhusu uungu wa Kristo. Mwaka 356 Athanasius alifukuzwa Aleksandria kwa nguvu za askari, na mahali pake akaletwa mtu mwingine, George. Kisha Kaisari akaandika barua kwenda Aksum, kwa Ezana na ndugu yake Sazana, akiwataka wamrudishe Frumentius Misri haraka akahojiwe na huyo George kuhusu imani yake na uaskofu wake. Tunaijua barua hiyo kwa sababu Athanasius mwenyewe aliinakili katika maandishi yake ya kujitetea.

Fikiria mezani pa Ezana. Barua imetoka kwa mtawala mkubwa kuliko wote wa upande ule wa dunia. Anayetakiwa ni mtu aliyemlea, aliyeshika hazina ya baba yake. Kaisari anasema: karatasi ya mtu wako si halali, aliyemwekea mikono tumemfukuza. Ni ile ile habari ya benchi la nyuma, ila kwa kipimo cha wafalme. Kanisa la Ethiopia limemheshimu Frumentius kama askofu wake wa kwanza mpaka leo, na kwa karibu miaka 1,600 liliendelea kupokea askofu wake mkuu kutoka Aleksandria, kupitia falme kuanguka na mipaka kuhamishwa, hadi mwaka 1959 lilipopata patriaki wake mwenyewe. Huo nao ni ushirika wa kuvuka mipaka, na sisi tunashangilia miaka 20!

Kuna sarafu moja ya Aksum ninayoipenda kuliko zote, na ningekuwa na uwezo ningeifunga kwenye kila nakala ya jarida hili. Ni ya shaba, ndogo, ya bei rahisi, ya kununulia chumvi na mboga. Zimepatikana nyingi mno. Upande mmoja kuna sura ya mfalme, na neno moja tu la Kigiriki, "Mfalme". Jina hakuna. Wataalamu mpaka leo wanazigawa kwa uzito na mtindo kwa sababu mwenyewe hakujitaja. Upande wa pili kuna msalaba katikati, na kuuzunguka maneno haya: na hili liipendeze nchi.

Hebu tulia hapo. Mtawala anaweka msalaba kwenye pesa za maskini, na hasemi "nimeamuru". Anatumaini watu wataupenda. Sijui kama walikuwa na kamati, lakini maneno hayo yana harufu ya mtu aliyekaa kwenye kikao kigumu. Mfalme mwingine wa baadaye, ambaye herufi za jina lake zinasomeka MHDYS, alikwenda njia nyingine: aliandika kwa Kigeʼez kwamba kwa msalaba huu utashinda, akifuata habari za Constantine. Hiyo ni sauti ya vita. Mimi nabaki na yule asiye na jina.

Sasa nirudi Konstantinopoli kwa Kaisari mmoja tu, Justinian wa pili, kwa sababu yeye alikutana na swali letu la Juru uso kwa uso. Alianza kutawala mwaka 685. Mpaka wakati wake, kwenye sarafu ya dhahabu upande wa heshima ulikuwa wa Kaisari. Yeye akauondoa uso wake pale, akaweka uso wa Kristo, mara ya kwanza katika historia ya sarafu za Warumi. Mwenyewe akahamia nyuma, amesimama ameshika msalaba, na maandishi yanamwita mtumwa wa Kristo.

Ungedhani alikuwa mtu mnyenyekevu. Wapi! Alikuwa mkatili, kodi zake ziliwalemea watu, na mwaka 695 walimpindua, wakamkata pua, wakampeleka uhamishoni. Miaka kumi baadaye alirudi na jeshi akatawala tena kwa kisasi mpaka alipouawa mwaka 711. Nawaambia hivi wale waliosema kwamba tukiiondoa sura ya mtu na kuweka ya Kristo tutakuwa tumemaliza tatizo la kiburi. Mtu anaweza kujiandika mtumwa kwenye dhahabu na akawa simba nyumbani.

Katika utawala wake huo, mwaka 692, maaskofu walikaa katika jumba lake wakatoa kanuni nyingi. Mojawapo iliagiza Kristo achorwe kama mwanadamu, si tena kama mwanakondoo. Nyingine ilikataza kuchora msalaba sakafuni, usije ukakanyagwa. Hiyo ya pili nilimsomea mama wa kamati ya vitenge. Maana tumeshaagiza vitenge vya maadhimisho vyenye sura na msalaba, na wewe unajua fundi cherehani anavyokata: sura inaweza kuangukia kifuani, inaweza pia kuangukia pale tunapokalia. Mama alicheka mpaka akafuta machozi, halafu akanyamaza, halafu akasema atazungumza na fundi.

Kizazi kimoja tu baada ya Justinian, makaisari wengine waligeuka kabisa. Kuanzia miaka ya 720 walianza kupiga vita sanamu na picha takatifu. Zikafutwa, zikavunjwa, watu wakateswa. Mwaka 787 picha zikarudishwa, mwaka 815 zikakatazwa tena, mwaka 843 zikarudi moja kwa moja. Ukipanga mihuri ya risasi mezani unaiona vita hiyo bila kusoma kitabu: watakatifu wanatoweka, msalaba unabaki peke yake, kisha baada ya 843 Kristo anarudi kwenye dhahabu ya Kaisari na watakatifu wanajaa tena kwenye risasi. Jambo linaloniuma ni hili: katika miaka yote ya kufuta picha za Kristo, sura za makaisari hazikufutwa kwenye pesa. Waliona hatari kwenye uso wa Bwana, hawakuiona kwenye uso wao.

Usinielewe vibaya, sisemi kila uso ni sanamu. Huku kwetu sura na mamlaka zimeishi pamoja kwa namna nyingi. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu za shaba zisizo na sura kabisa, jina la sultani tu na maneno ya kumtegemea Mungu, yenye vina. Baadaye Uhabeshi na pwani zetu zikajaa riale ya Maria Theresa, uso wa mwanamke wa Austria, mwaka 1780 umeandikwa juu yake hata ilipopigwa miaka mia baadaye. Watu waliipokea kwa kukagua lulu za kifungo chake. Na hapa Ankole, ukiwa Mbarara waulize wazee, watakwambia Omugabe hakuhitaji uso wake kwenye chuma. Ufalme ulikaa kwenye ngoma, Bagyendanwa. Wakenya katika katiba yao ya 2010 wakaandika kabisa kwamba noti na sarafu zisiwe na picha ya mtu yeyote. Uganda ilishamwona Amin kwenye noti, sasa shilingi hizi unazotoa sadaka hazina rais.

Lakini sisi Wakongomani tuna kumbukumbu yetu. Tuliokuwa watoto wakati wa Zaire, uso wa kwanza tuliojifunza kuuchora, baada ya wa mama, ni ule wenye kofia ya chui. Ulikuwa kwenye noti, ukutani, kwenye vitenge, kwenye televisheni ukishuka kutoka mawinguni. Mwaka 1972 majina yetu ya ubatizo yalikatazwa. Mwaka 1974 Krismasi ikaondolewa kwenye sikukuu za taifa, na shuleni misalaba ikaagizwa kushuka na picha ya Mobutu kupanda. Baba yangu alikuwa fundi seremala; aliniambia msumari ulikuwa ule ule. Mwaka 1997 Mobutu alipoondoka, nakumbuka jirani yetu akitafuta nini cha kufanya na kitenge kipya ambacho hakuwahi hata kukivaa. Alikifanya nepi.

Ndiyo maana mama yule aliuliza "na siku akiitwa na Bwana?" Hakuuliza kwa dharau. Anampenda Askofu, aliombewa naye akapona. Ila ameishi muda wa kutosha kuona nyuso zikipanda na kushuka kwenye msumari mmoja.

Sasa hali ya kamati, ili wewe uliye Bukavu, Kigoma, Bujumbura, Nairobi au huko Ohio usisikie kwa uvumi. Askofu mwenyewe tulimpigia simu. Alisema hakuomba sura yake iwekwe popote na kwamba tusimpigie tena kuhusu jambo hilo. Waliotaka sura yake wamesema huo ni unyenyekevu tu na wanaendelea kusimama pale pale. Mimi nimependekeza msalaba katikati, jina la ushirika kuzunguka, na sura isiwepo. Kama watataka kumheshimu Mzee, picha yake iko ukurasa wa tatu wa jarida hili, kubwa, ya rangi. Nimependekeza pia muhuri mpya uwe wa kukandamiza, ule unaoinua karatasi bila wino, kwa sababu ukipita kidole gizani unausikia, na maji yakiingia kwenye mkoba hayawezi kuufanya doa. Mchonga mihuri wa Mbarara ameniambia inawezekana, ila bei ni zaidi ya mara tatu ya ule wa mpira. Mweka hazina ameshika kichwa. Wajumbe wa matawi yote watapiga kura siku ya pili ya kongamano, baada ya chakula cha mchana, kwa hiyo usiondoke mapema.

Na kwa wachungaji wote: muhuri wa zamani wenye njiwa bado ni halali, hata mpya ukija. Mtu akifika kwako na barua yenye muhuri uliofifia, au uliolowa, au usioonekana kabisa, nipigie mimi katibu kabla hujamwonyesha benchi la nyuma. Ninalo daftari la kila barua iliyotoka tangu mwaka wa kwanza, limeandikwa kwa kalamu ya mafuta, na jina lake nitalitafuta usiku huo huo.